Stika zilizofichwa kwenye mpunga

Wewe ukipewa karatasi ya ofisi yenye jina lako, utaibandika nje inyeshewe, au utaitafutia pa kuificha?

Saa moja asubuhi, Balbina Kelestini amekaa juu ya magunia katika ghala la ushirika wa mpunga, nje kidogo ya Ifakara. Mkononi ana shazia, ile sindano nene ya magunia. Ila leo hashoni. Anafumua.

"Miaka ishirini na sita nashona," anasema. "Sasa nafumua. Hata sijui tunakwenda mbele au tunarudi nyuma."

Ushirika huo una wakulima elfu tatu, kuanzia Sanje hadi kule Masagati. Zamani kila nyumba ilikuwa na uzi wake: huyu mwekundu, yule wa bluu, mwingine mafundo mawili pembeni. Balbina akitupa jicho tu, anajua gunia la nani.

Mwaka huu wanunuzi wakubwa wamesema hawataki mpunga usiosomwa na mashine. Ushirika ukaona usipobadilika utakufa, ukagawa stika za kusomwa na mashine, kila moja na jina la mkulima, ukanunua cherehani ya magunia. Uzi ukawa mmoja, mweupe. Washonaji walikuwa kumi na wawili, wakilipwa shilingi mia mbili kwa gunia. Amebaki Balbina, naye mwisho wake ni msimu huu.

Lakini jana magunia mia nne yalifika bila stika hata moja. Lori linasubiri. Meneja Faustin, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, anayazunguka na kifaa chake cha kusomea. Kifaa kimya, ndiyo maana Balbina ameambiwa ayafumue yakaguliwe.

"Mama Balbina, hivi wakulima wamezitupa?"

"Kwanza shikamoo imekwenda wapi, baba?"

Wapagazi wanaangua kicheko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtu atupe karatasi yenye jina lake? Cheti chako cha ubatizo kimelala wapi nyumbani kwenu?"

"Mama amekifunga kwenye nailoni, akakifukia kwenye ndoo ya mchele. Maji yakijaa..." Faustin anakatisha.

Balbina anazamisha mkono ndani ya gunia hadi begani. Anautoa na kifurushi cha nailoni kilichokunjwa mara nne. Ndani imo stika, safi kama siku ilipotolewa. Kifaa kinalia.

"Kumbe ulijua!"

"Nijue nini, baba? Hata mimi nalima, na yangu nimeifukia hivyohivyo. Mlisema ni ya thamani. Hakuna aliyesema ikae nje."

Faustin anajifuta jasho. "Msimu ujao tutabandika tangazo."

"Nalo watalifukia," anasema Oliva, karani wa mizani.

Balbina anafumua gunia jingine, kisha anasimama na shazia yake. Tangu wenzake waondoke, hadi leo hakuwa ameulizwa neno.

"Sasa tufanyeje, mama?" Faustin anauliza. "Wewe unataka nini?"

Balbina anakitazama kile kifaa kama mtu anayetazama mto asiojua kina chake.

"Nifundisheni kukishika hicho. Nikae pale mlangoni, mkulima akifika tusalimiane, na stika yake niibandike mimi."