Kuku wa Mama Mdogo kwenye Ofisi ya Komini

Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa mteja aliyenunua maharage bila kuomba apunguziwe bei. Hapa Lubumbashi hata padri akinunua nyanya huomba apunguziwe. Yule bwana alitaja tu kiasi anachotaka, akalipa, akashukuru, kisha akabaki amesimama akiuliza maswali.

Aliyekuwa akiuza ni mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu. Analima mahindi na maharage upande wa Lukafu. Baada ya mavuno hupanda lori pamoja na magunia yake, hushukia kwangu, na Jumamosi hukaa mbele ya uzio wa nyumba yangu akiuza. Akina mama wa mtaa huja na beseni zao. Wao wanampenda kwa sababu anapima vizuri, naye anawapenda kwa sababu si wanunuzi wa bariere.

Nieleze kidogo, maana mwenye kula tu hawezi kuyajua haya. Wanunuzi wa bariere husubiri malori kwenye kizuizi cha barabara, mahali yanapoingia mjini, kwenye njia ya Kasenga, na kila mmoja ana meka yake. Meka ni bakuli la bati tunalopimia nafaka. Ya kwao imegongwa kwa nyundo kutoka ndani mpaka tumbo limetokeza nje, ikameza nafaka zaidi kwa bei ileile. Mkulima anaona wazi kwamba meka ile si ya kawaida, lakini dereva anapiga honi, na mkulima hajui mahali pengine pa kuuza. Kwa mama mdogo, mahali pengine palikuwa uzio wangu.

"Ule muntu eko na roho muzuri," aliniambia huku akikunja noti na kuzifunga kwenye kona ya kitenge.

"Alikuuliza nini?"

"Kama niko peke yangu. Lori ni ya nani. Na bamama bengine ba ku lori, banauzishaka wapi."

"Ukamwambia?"

"Juu ya nini nisimwambie? Alinunua bila matata."

Nilitazama barabarani. Yule bwana alikuwa amesimama karibu na kibanda cha kuuza vocha, maharage chini ya kwapa, anaongea kwenye simu. Labda alikuwa anaongea na mke wake. Nimefundisha somo la uraia miaka mingi, na katika kazi hiyo nimejifunza kumwogopa mtu anayeuliza jambo ambalo jibu lake halimsaidii kupika.

Jumatatu walikuja watu wa soko: vijana wawili na shefu wao, mkuu wa soko. Shefu alisema mkulima haruhusiwi kumuuzia mlaji. Kazi yake ni kulima na kushusha mzigo sokoni, pale wauzaji wanaotambulika watauza. Magunia yakabebwa kwenye stoo ya soko, na mama mdogo akaambiwa afike komini, ofisi ya serikali ya mtaa, siku ya Alhamisi. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Stoo ile ina sakafu yenye unyevu, na maharage yalikuwa hayajakauka sawasawa. Akichelewa kuyapata, yataota ukungu. Akishindwa, msimu ujao atarudi kwenye meka zile zenye tumbo.

Jioni ile nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, polepole. Mkulima ana haki ya kuuza alicholima. Kodi inaweza kuwepo, na ikiwepo tunalipa, maana barabara hazijijengi. Lakini kodi huwekwa na sheria, haitoki mdomoni mwa mtu. Basi yeyote atakayekudai, muulize kwa upole: ni kodi gani, imeandikwa katika sheria gani, na risiti yake iko wapi?

Alinisikiliza akichambua sombe, kisamvu cha kwetu, akitupa majani magumu pembeni. Halafu akanitazama kama anavyomtazama mteja asiyemjua.

"Na weye, nani anakulipa juu ya kunifundisha bile?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna," akarudia, kama mtu aliyetajiwa bei na bado hajaikubali.

Sikukasirika. Wote waliowahi kwenda kijijini kwake kumfundisha kitu walikuwa wakitafuta kitu: kura, picha, sahihi. Nikamwambia aendelee kunishuku, ni jambo zuri, ila ajaribu maswali yale. Nikajifanya afisa. Mara ya kwanza aliuliza kwa sauti ndogo, ameinamisha kichwa. Nikamwambia, "Vizuri, sasa inua uso." Alipojaribu tena alinifokea mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta, tukacheka wote watatu.

Asubuhi ya Alhamisi alitoka chumbani amevaa kitenge cha misa, na mkononi ana beseni lililofunikwa kitambaa. Kitambaa kikajisogeza.

"Ni nini, mama?"

"Kuku. Na karanga kidogo."

"Mama, leo hapana. Watasema umelipa."

"Niende kwa shefu mikono butupu? Miye ni mwizi?"

Kwao, mtu haingii kwa mkubwa bila kitu. Si hongo, ni salamu. Asiyeleta chochote ameficha nia yake. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado lilinipa wasiwasi. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyemshauri. Akakaza kitambaa juu ya beseni.

"Ule wa maharage alipita jana. Alisema shefu naye ni muntu, nisimusahau."

Nilitaka beseni libaki nyumbani. Alikataa kabisa. Hata yule mtu asingepita, alisema, angebeba tu. Tukaondoka, kuku akiwa kati yetu kwenye teksi, mimi nikigeuka nyuma kila tulipokata kona.

Ofisini alikuwepo afisa wa komini nyuma ya meza, na shefu wa soko pembeni, miguu ameinyoosha. Mama mdogo alipiga goti kidogo, akaweka beseni sakafuni. Shefu hakungoja hata tuketi.

"Bon! Mukubwa, unaona? Ye mwenyewe analeta haki ya soko. Kila mwaka analetaka. Anajua sheria, ni huyu mwalimu njo anamuharibu kichwa."

Ndipo nikaelewa kwamba kuku wote ambao mama mdogo amempelekea shefu kama salamu miaka yote walikuwa wameitwa kodi nyuma ya mgongo wake. Mama mdogo alinigeukia. Nikainua uso wangu tu, kama nilivyomfundisha.

"Mukubwa," akamwambia afisa, "kama ile kuku ni takse, uniandikie reçu. Andika: kuku moya, takse ya nini, sheria gani."

Afisa alishika kalamu. Akaitazama karatasi, akamtazama shefu. "Takse ya nini?"

"Ya... ya soko," shefu akasema.

"Yeye aliuzisha mbele ya nyumba. Soko gani?"

Shefu akakunja miguu. Kuku akalia ndani ya beseni. Mama mdogo akaongeza, kwa upole uleule wa kupiga goti: "Na kama haiko takse, ni chakula. Nimekuletea weye, sikumuletea ye."

Afisa akaweka kalamu chini. Akasema magunia yarudishwe leo hii, na mama auze. Nikaomba aliandike hilo. Akatabasamu: neno lake linatosha. Tabasamu lile halikunipendeza. Neno halina muhuri, na kesho linaweza kusemwa vingine. Kuku alibaki ofisini.

Magunia yaliporudi, mama mdogo hakushukuru mtu. Alifungua kila moja, akazamisha mkono mpaka begani, akatoa maharage ya chini kabisa, akayanusa. Magunia mawili yalikuwa yameanza kuota ukungu. Akaanika maharage yake uani, kisha akaomba simu yangu awapigie wenzake wa lori.

"Bakuye bote huku Posho," akasema, akimaanisha Jumamosi. "Muntu moya banamubebaka. Bengi, batabeba nani?"

Wakaja, wakakaa mstari mmoja kando ya uzio mpaka kwa jirani. Kabla ya saa sita pikipiki ilipita polepole, aliyekaa nyuma akitutazama mmoja mmoja. Niliingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu niandike namba yake. Mama mdogo alikuwa ameshamwona.

"Papa, simama!" akamwita. "Kama unaangalia, kuya ununue. Kama hauna feza, pita, unafungia benye kununua njia!"

Mstari mzima ukacheka. Pikipiki ikaongeza mwendo, na mwanamke aliyekuwa akisubiri akasogeza beseni lake mbele.