Ndoano ya helikopta ilikuwa kazi yangu

Leo nimeonea wivu mtu aliyepigwa na stima.

Hapa Nanyuki helikopta hutubebea simiti hadi hoteli ya mlimani, mzigo ukining'inia kwa kebo. Mimi ndiye hufunga mzigo kwa ndoano.

Leo rubani akamchagua Njeri, mgeni kazini, ndiye afunge. Ati ako na tabasamu.

Sasa, helikopta hujaa stima ikiruka. Unangoja ndoano iguse chini kwanza, hiyo stima iishie ardhini, ndio ushike. Nilimpigia kelele, lakini kwa ile ngurumo nani angesikia?

Akashika. Akarushwa chini kama gunia.

Yuko sawa. Rubani alitua, akamvisha jaketi yake, akampeleka hospitali Nyeri na helikopta.

Mimi sijawahi kosea hiyo kazi, na sijawahi panda hiyo helikopta.

Nimerudi na boda, nimebeba mkoba wa Njeri.

Niko na roho mbaya, ama?