Ticha Mdogo afaulisha wenzake, mwenyewe abaki njia panda

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Katika chumba cha nyuma cha karakana ya ushonaji, msichana mwembamba anafuta ubao kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye mkato wa jana. Vyerehani vimesukumwa ukutani. Mbele yake wamekaa wanawake ambao wengi wangeweza kumzaa.

Wanamwita Ticha Mdogo.

"Tulikomea wapi?" anauliza.

"Kwenye hesabu za sehemu, nusu na robo," anajibu mmoja. "Zile za kutuumiza kichwa."

Wote wanacheka. Yeye anachelewa kidogo kucheka.

Ticha Mdogo ni mwanafunzi wa uhasibu, mwaka wa pili. Alianza kujitolea hapa baada ya shangazi yake, mwenye karakana, kumwomba awafundishe hesabu mafundi wanaotaka kurudia mtihani wa sekondari.

"Nilijua nitawapa kanuni, wakariri, basi," anasema. "Mimi mwenyewe nimesoma hivyo tangu utotoni."

Mambo yalibadilika siku fundi wa mashati, mama mjane mwenye sauti ya taratibu, alipoinua mkono.

"Mwanangu, ukigawa kitu si kinapungua? Mbona nusu nikiigawa kwa robo napata mbili?"

"Ndiyo kanuni, mama."

"Kanuni nimeisikia. Nauliza kwa nini."

Ticha Mdogo aliomba wiki moja akatafute jibu. Alirudi na karatasi, akaikata mbele yao, akawaonyesha kuwa swali linauliza tu robo ngapi zimo ndani ya nusu.

"Kumbe," fundi wa mashati alisema. "Si ungesema hivyo tangu mwanzo?"

Furaha ya siku ile, anasema, hajawahi kuipata chuoni. Lakini hapo ndipo masaibu yalipoanza. Kukariri kukamshinda. Kila ukurasa alitaka kuuelewa mpaka mwisho kabla ya kuufunua mwingine. Kwenye mtihani wa chuo alizama katika maswali mawili, muda ukaisha.

Alifeli. Analazimika kurudia mwaka. Wiki hiyohiyo, fundi wa mashati akafaulu hesabu.

"Nilimpigia vigelegele," anasimulia, "halafu nikajifungia chooni nikalia. Mpaka leo sijui nililia kwa lipi."

Baba yake, dereva wa lori, alimkalisha sebuleni.

"Umewafundisha watu hesabu, wamefaulu. Wewe umefeli. Hebu nieleze, maana mimi sielewi."

"Baba, hata mimi sielewi."



Fundi wa mashati naye hana raha. "Ningenyamaza siku ile, labda ungekuwa unaingia mwaka wa tatu," anamwambia tukiwa tumesimama mlangoni.

"Ningeingia mwaka wa tatu sijui kitu, mama." Anafikiri. "Au pengine ningekuja kuelewa baadaye. Sijui."

Shangazi alimshauri apumzike kufundisha. Amekataa, ila atafundisha asubuhi tu. Mchana ni wa vitabu vyake. Muhula ukifunguliwa atarudi darasani na waliokuwa nyuma yake. Tayari amewapata wenzake wawili waliofeli kama yeye, na wamekubaliana kwamba kila somo atawaeleza yeye kwanza.

Kuhusu kuwa mhasibu au mwalimu, hataki kuulizwa kwa sasa.

"Niwaeleze hao wawili kwanza," anasema. "Wakinielewa, huenda na mimi nikajielewa."