Ulimi wa Fundi

Pale gereji mume wangu wanamwita Ulimi. Gari likivuja, analamba tone moja kidoleni na kutoa hukumu. Likiwa tamu ni kulanti, ile dawa ya kupozea injini, rejeta inavuja. Likiwa halina ladha ni maji ya kiyoyozi tu, nenda zako. Miaka ishirini na saba namwambia ile ni sumu, na ni kama nampigia mbuzi gitaa. Kifaa cha kupimia presha ya rejeta, anasema, ni cha mafundi wasiojiamini.

Siku hizi anatia vijiko vitano vya sukari kwenye chai, na bado analalamika kwamba nimempa maji ya moto.

Jana nilimpelekea chakula nikamkuta na mwalimu mstaafu, mwenye gari la zamani analolitunza kama mboni ya jicho. Lilikuwa linachemsha na kudondosha maji. Mume wangu akaingia uvunguni, akalamba, akajifuta kwenye ovaroli.

“Maji ya kiyoyozi hayo, Mwalimu. Nenda zako.”

Mwalimu alinitazama mimi kwanza, kisha yeye.

“Fundi, gari hili halijawahi kuwa na kiyoyozi.”

Mume wangu aliinama, akalamba tena.