Siku Niliyotangaza Mimba ya Mtamba Tasa

Mpaka leo nikipita sokoni Mlowo kuna watu wakiniona wanamshika mwenzao tumbo halafu wanauliza kwa sauti, "Daktari, hii ni ya miezi mingapi?" na mimi nacheka nao, maana nitafanya nini, jambo lenyewe nililifanya kwa mdomo wangu, mchana kweupe, mbele ya mnada mzima, tena kwenye kipaza sauti. Basi bora niwasimulie mwenyewe kuliko msikie kwa wale ambao wameshaongeza chumvi mpaka eti nilikimbia nikaacha viatu. Viatu sikuacha. Mengine yote ni kweli.

Sisi ni kikundi cha familia nane huku Mbozi, watu wa kahawa na mahindi tangu enzi za babu zetu, na mwaka juzi tukakubaliana tuanze kufuga ng'ombe wa nyama, kwa sababu bucha za Tunduma kila siku zinalia hazina ng'ombe wa kutosha na sisi majani tunayo, maji tunayo, kilichokosekana ni ng'ombe tu. Tukapanga kuanza na mitamba watano, yaani majike wachanga ambao hawajazaa, chotara wa Borani na ng'ombe wetu wa asili, dume tutaazima kwa jirani. Nani aende kuwachagua? Mimi nikanyoosha mkono. (Mjue kabisa kwamba kwetu hatujawahi kufuga kitu kikubwa kuliko mbuzi.) Nilikuwa nimesoma kijitabu kimoja mara mbili na kuangalia video kwenye simu mpaka macho yanauma, nikajiona nimeiva.

Mwenyekiti wetu, Mzee Simkoko, akaniambia kwa upole, "Ezekia, nenda na bwana mifugo wa kata. Yule mtu anajua."

"Mzee, usimsumbue," nikasema. "Hii kazi naiweza."

Sasa asubuhi ya safari ndiyo nikafanya lile jambo dogo lililozaa mengine yote. Binti yangu Tumaini alikuwa likizo, na koti lake jeupe la maabara ya shule lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa, limenyooka, na mimi nikaliangalia nikawaza: wauzaji wakiniona nimevaa kikulima watanipa ng'ombe mgonjwa, ila wakiona koti jeupe wataogopa. Nikalivaa. Lilinibana kwapani na vifungo viligoma kabisa, na kwenye mfuko wa kifuani kulikuwa na maandishi ya uzi mwekundu, nikayafunika kwa kubana juu yake kitambulisho changu cha ushirika wa kahawa. Mke wangu aliniangalia tangu juu mpaka chini.

"Baba Tumaini, unakwenda kununua ng'ombe au kufanya mtihani?"

Nikamwambia mambo ya biashara hayajui, nikaondoka.

Mnada ulikuwa kule Msangano, na sisi tuliozoea baridi ya mlimani tukishuka bondeni kule tunaiva kama viazi, lakini mimi koti sikulivua, kwa sababu nilipoingia tu langoni wale vijana wanaoshika ng'ombe walinipisha njia. "Shikamoo daktari." Nikaitikia marahaba. Hapo bado ningeweza kusema jamani mimi si daktari, ni maneno manne tu, lakini ile "shikamoo daktari" iliingia masikioni tamu, nikaiacha ikae. Kumbe bwana mifugo wa pale alikuwa ng'ambo ya uwanja akiandika vibali vya kusafirisha, watu wakadhani nimeletwa kumsaidia. Mzee mmoja akaniletea ndama anayeharisha, nikamshika sikio, nikakunja uso, nikamwambia ampeleke kwa mwenzangu kule. (Angalau hapo sikumdhuru mtu.) Mwingine akaniuliza dawa ya kupe, nikasema inategemea. Akatikisa kichwa kama aliyepata jibu kubwa.

Ndipo nikamwona. Alikuwa kwenye zizi la mwisho, mtamba mwekundu, mgongo umenyooka kama meza, kifua kipana, shingo nene, amenona mpaka ngozi inang'aa, na tumbo limejaa vizuri. Wale mitamba wengine zizi la pili walionekana wembamba wembamba tu mbele yake. Moyo ukaniambia huyu ndiye mama wa ukoo wetu. Nikaingia zizini, nikamzunguka, nikampapasa tumbo kama nilivyoona kwenye video, na nadhani kulikuwa na majani yanatembea mle ndani, kwa sababu kitu kilisogea chini ya kiganja changu.

Dalali wa mnada, kijana mwenye maneno mengi na kipaza sauti begani, alikuwa amenifuata nyuma. "Daktari, vipi huyo?"

Na mimi, kwa sauti nzito ambayo sijui niliitoa wapi, nikasema, "Ana mimba. Miezi minne."

Dalali hakungoja. "Jamani sogeeni! Mtamba chotara, ana mimba ya miezi minne, imethibitishwa na daktari mwenyewe!" Watu wakaja mbio. Mfanyabiashara mmoja wa Zambia, mtu mnene mwenye kofia ya kitambaa, akapenya mpaka mbele akasema anamchukua sasa hivi, bei ya mtamba mwenye mimba, asipewe mwingine. Mimi nikaona mama wa ukoo wetu anaondoka kuvuka mpaka, nikashtuka, nikamshika mkia kumwonyesha dalali kwamba mimi ndiye wa kwanza.

Mtamba alinipiga teke moja tu. Nilikwenda chali kwenye kinyesi kibichi, kitambulisho kikaruka huko, na koti likapasuka kwapani kwa mlio ambao nadhani ulisikika mpaka Chitete.

Aliyeniinua alikuwa mama mmoja wa makamo, mwembamba, mrefu, amevaa buti za mpira na kitenge kimefungwa juu ya suruali. Ndiye mwenye ng'ombe wale, Mama Nakamba, mjane ambaye nilikuja kujua baadaye kwamba alibaki na majike watatu tu mume wake alipofariki na sasa zizi lake linajulikana Momba nzima. Akaniuliza kama nimeumia, akachukua ncha ya kitenge chake akanifuta kifuani taratibu kama mtoto, na alipofika kwenye mfuko akasimama. Akasoma. Akasogeza mdomo karibu na sikio langu ili watu wasisikie, mama wa watu, alitaka kunisitiri kabisa.

"Baba," akanong'ona, "hapa pameandikwa Kidato cha Pili B. Wewe ni daktari kweli?"

Lakini dalali alikuwa ameinama kuniangalia, na kile kipaza sauti kilikuwa wazi katikati yetu. Mnada mzima ukasikia. Kikalipuka kicheko ambacho sijawahi kukisikia maishani, watu wakashikilia nguzo za zizi, yule mzee wa ndama akakaa chini kabisa, na simu zikatoka mifukoni. Nilitamani ardhi ya Msangano ipasuke nizame na koti langu.

Mama Nakamba akamnyang'anya dalali kipaza sauti. Nikasema moyoni, basi, ananimaliza.

"Nyamazeni kidogo," akasema, wala hakupandisha sauti. "Baba huyu si wa kwanza kujifanya anajua ng'ombe hapa mnadani. Wengine wenu nawajua. Sasa sikilizeni. Huyu mtamba ni wangu na hana mimba. Alizaliwa pacha na dume, na majike wa namna hiyo karibu wote huwa tasa. Dume limempanda misimu miwili, hakuna kitu. Nimemleta auzwe nyama, ndiyo maana yuko zizi la nyama. Anayemtaka kwa nyama aseme."

Yule Mzambia alikuwa bado amesimama tayari kununua. Dalali akamvuta mama pembeni, nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Mama, si angechukua tu? Aliyesema ni daktari, wewe hukusema." Na mama akamjibu, "Akifika kwake akangoja ndama mwaka mzima, atakuja kumdai daktari au kunidai mimi?" Mfanyabiashara yule alivua kofia. "Natotela, bamayo," akasema, ile asante ya Kibemba anayopewa mama mwenye heshima, na akamnunua vilevile, kwa nyama.

Mimi nilikuwa nimeshavua koti nimelikunja kwapani natafuta njia ya kutokea. Mama Nakamba akaniita. "Unakwenda wapi? Ulikuja kununua au ulikuja kuanguka?"

Nikamwambia ukweli wote pale pale: familia nane, kijitabu, video, mwenyekiti aliyenionya. Sikubakiza kitu. Hakunicheka. Alisema, "Wenzako wamekuamini, usirudi mikono mitupu. Njoo."

Jamani, nimekaa na walimu wengi maishani, lakini yule mama ni kitu kingine. Aliingia kwenye zizi la mitamba wa kufuga, wale niliowadharau, wakamfungulia njia bila fujo, na kila aliyemgusa alitulia. Kwanza alifungua mdomo wa mmoja akanionyesha meno mawili makubwa yaliyoota mbele. "Huyu ana kama miaka miwili, ni wakati wake." Akanisimamisha nyuma yao niangalie upana wa nyonga, kwa sababu ndipo ndama atakapopita, akanifanya nihesabu chuchu nne zilizoachana vizuri, akawatembeza nitazame kwato na hatua. "Unene usikudanganye," akasema. "Kwa mtamba, unene mwingi hauna kazi. Mimi natafuta mwili mrefu na miguu imara." Kisha akanionyesha mama zao aliokuja nao ili wanunuzi wawaone, wakila majani nje ya uwanja, kila mmoja na ndama wake ubavuni, akasema ukitaka kumjua mtamba mwangalie mama yake anavyolea.

Nilipenda mmoja mweupe mwenye nundu nzuri. Mama akakataa kuniuzia. Mtamba wake mwenyewe! "Mama yake ana hasira, alimpiga ndama wake wa kwanza akamkataa. Wewe ndiyo unaanza, huyu atakukatisha tamaa." Nilisimama pale nimelowa kinyesi, namtazama mtu anayekataa kuuza, na nikaona aibu ya aina nyingine kabisa, ile isiyohitaji watu kucheka. Alitoa watatu kwenye zizi lake, wawili akanichagulia kwa jirani yake huku akibishana naye kwa Kinamwanga mpaka jirani akabadilisha mmoja, halafu akanishika mkono mpaka kwa bwana mifugo mwenyewe, wa kweli, naye akawapima mitamba na kuniandikia kibali. Bwana mifugo alijitahidi sana asicheke. Alishindwa alipoona koti.

Nilipanga njiani nitakavyowaeleza wenzangu, sehemu gani niikate, sehemu gani niipambe. Nilihangaika bure. Video ilifika Mbozi kabla ya lori letu. Tulipowashusha mitamba, kwaya nzima ya akina mama ilikuwa imepanga mstari, "Shikamoo daktari!" na Tumaini amesimama nyuma yao anataka koti lake, analia na kucheka kwa pamoja. Mzee Simkoko aliwazunguka wale mitamba watano polepole, akawashika migongo, akaniuliza, "Hawa umewachagua wewe?"

"Hapana, mzee. Kanichagulia mama mmoja wa Msangano."

"Basi namba yake ya simu uihifadhi vizuri," akasema.

Naihifadhi mpaka leo. Wanne kati ya watano wameshazaa, na wa tano anakaribia. Siku wa kwanza alipoanza uchungu, saa nane mchana, nilimpigia Mama Nakamba, watu wa kikundi wamenizunguka wananisikiliza, na yeye akaniuliza swali moja tu: "Kilichotangulia ni miguu ya mbele au ya nyuma?"

Nawaambieni, jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ya mbele, nilitaka kusema, kwa ile sauti nzito, kwa sababu wenzangu walikuwa wananitazama. Nikalimeza jibu.

"Sijui, mama," nikasema. "Naomba usikate, nikaangalie." Nikapiga magoti kwenye majani nyuma ya yule mtamba nikaangalia vizuri, nikaangalia tena, na nimeapa mbele ya watu wale wote kwamba kwa maisha yangu yaliyobaki nitakuwa naangalia kwanza ndipo niseme.