Chenga za Ndoo ya Maziwa

Shangazi Petronila ana pua. Akina mama wauza maandazi wa Kigera wakimletea dumu tupu la mafuta ya kula, analinusa kwanza ndipo anawasalimia. Miaka mitano sasa anakusanya madumu hayo. Anayachana kwa panga, anayaosha kwa majivu na maji ya moto, halafu anayapeleka Bunda kwenye mashine yanasagwa kuwa chenga, vipande vidogo vya plastiki.

Chenga za kutengenezea mabomba ya maji machafu mnunuzi hachagui. Lakini safari hii Hezron, mnunuzi wa Mwanza, alitaka za ndoo za maziwa, ambazo bei yake ni kubwa zaidi.

"Chakula ni chakula, mama," alimwambia. "Mzigo huu ukikutwa na harufu, kwako nitakuwa nachukuaga za mabomba tu."

Alikuja Jumanne asubuhi. Akachota kiganja kimoja kwenye mfuko mmoja kati ya saba, akatia kwenye chupa ya kioo, akafunga kifuniko, akaiweka juani juu ya paa la gari lake. Ikipata joto ndipo ananusa. Tukangoja. Shangazi chai yake hakuigusa.

Hezron alipokwenda nyuma ya gari kuongea na simu, akaingia Nyamhanga, mdogo wake shangazi, mvuvi wa Kiriba, na kelele zake.

"Dada, dumu yangu iko wapi? Ile ya njano niliacha hapo ukutani."

"Madumu yote ni ya njano, Nyamhanga."

"Yangu ni ya petroli ya injini, bwana! Usiniambie umeisaga. Nitaenda ziwani kwa makasia kama babu?"

Alicheka peke yake. Shangazi alikuwa anatazama mifuko saba. Chenga zote tulikuwa tumezianika kwenye turubai moja, zikachanganyika. Na petroli ikishaingia kwenye plastiki, majivu hayaitoi.

Hezron akarudi. Akafungua chupa, akanusa, akanusa tena.

"Safi, mama. Tupakie."

Nyamhanga alikwishaelewa, akainamia kandambili zake. Mimi nikashika mfuko wa kwanza. Shangazi hakusogea.

"Nipe hiyo chupa." Akaiweka puani, akakaa nayo kitambo. "Chota mfuko mwingine."

"Wa nini? Si nimeshakubali?"

"Chota, baba."

Chupa ikarudi juani. Safari hii kifuniko kilipolegea tu, Hezron akageuza uso pembeni.

"Hii petroli!"

"Ni petroli. Dumu lilikuwa ukutani, nikadhani nimeshalinusa."

"Dumu moja, mama! Kwenye mifuko saba!"

"Maziwa yanashika harufu haraka."

Hezron akamwaga chenga zile chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Ungenyamaza, ningepakia."

"Najua."

Mifuko ikapakiwa yote saba, kwa bei ya mabomba. Nyamhanga alitaka kusema neno. Shangazi akamwambia ashike upande wa pili wa mfuko.