Maro Hakulala kwa Awino: Safari Yangu ya Mfangano

Niliondoka nyumbani Masara kwa sababu ya neno moja. Binti yangu Awino, aliyeolewa kisiwani Mfangano, alinipigia simu kwamba mtoto wake Akoth ametolewa darasani mpaka aje na mkubwa wa kwao. Mwalimu alikuwa akifundisha kwamba zamani wakoloni wa Amerika walimuasi mfalme wao. Akoth akasimama, akasema, "Mwalimu, wewe ni muongo. Mkoloni haasi. Mkoloni ndiye anaasiwa." Alipoambiwa aombe msamaha alikataa, na sasa anasema afadhali aanike omena, wale dagaa wa ziwani, na mama yake kuliko kurudi shule.

Hiyo omena ndiyo iliyoniinua. Mimi niliacha shule nikiwa mdogo, na najua mlango huo ukifungwa unavyokuwa mgumu kufungua.

Alfajiri nilifika Migori mjini, nikapanda gari la Homa Bay. Mama mmoja aliyepakata kuku aliniuliza naenda matanga ya nani. Nikamwambia naenda shule.

"Kwa umri huo, dani?" akasema, akiniita bibi kwa Kiluo.

"Mwalimu ameita. Wewe ungekataa?"

Alicheka mpaka kwenye mashamba ya miwa ya Awendo.

Kutoka Mbita nilivuka kwenda kisiwani kwa mashua ya injini, jaketi la kuokolea shingoni. Ziwa lilikuwa tulivu, na mimi sikufumba macho kama wengine.

Jioni nilishuka Sena, bandari ya Mfangano. Awino alinipokea ufuoni, akataka kunibebea mzigo hadi kwake. Nikamwambia aupeleke kwa jirani yake, mjane wa dhehebu moja na langu. Mimi ni maro, yaani mama mkwe, na kwetu maro halali katika nyumba ya mkwe wake.

"Mama, wewe ni mtu wa kanisa. Hayo mambo yameisha."

"Yameisha kwako. Ng'ombe wa mahari waliletwa kwangu, lakini mlango ni wako na mume wako."

Mkwe wangu alinisalimu kwa mbali, macho chini, kama inavyotakiwa. Nikalala kwa mjane.

Asubuhi nilimshika Akoth mkono hadi shuleni. Mwalimu ni kijana, mpole kuliko nilivyomtarajia. "Dani," akasema, "sikumtoa kwa sababu ya kunipinga. Aliniita muongo mbele ya darasa."

"Hapo una haki," nikamjibu. "Akoth, umesikia?"

"Nimesikia. Na mkoloni je?"

"Hiyo tutauliza ndani."

Mwalimu alitukaribisha darasani. Nikamuuliza hao wakoloni wa Amerika walikosewa nini. Akaeleza kwamba walikuwa watu wa mfalme, waliovuka bahari wakaenda kukaa mbali. Mfalme akawatoza kodi bila kuwauliza. Halafu akatuma askari, na hao watu wakatakiwa kuwapa malazi. Watoto walimtazama tu. Kodi haikuwagusa.

Nikasimama. "Jana usiku nililala wapi?"

"Kwa mjane," wakajibu wote. Kisiwa hakina siri.

"Mbona sikulala kwa Awino?"

"Wewe ni maro."

"Na kama ningeingia tu, nikalala kitandani kwao, nikala samaki wao, nikasema huyu mke si nilimzaa mimi?"

Walicheka. Msichana mmoja alifunika uso kwa aibu.

"Baba Akoth angekuomba utoke," akasema mvulana wa mbele.

"Na nikikataa?"

"Angeita wazee."

"Wazee nao nikawafukuza."

Hapo kicheko kiliisha. Yule msichana akafunua uso. "Basi wewe si maro tena. Ni adui."

"Haya. Mmeshajua kwa nini walimuasi mfalme wao."

Nilidhani nimemaliza. Lakini Akoth alikuwa bado amesimama karibu na mlango. "Dani, walipovuka bahari, walikuta nchi tupu?"

Sikujua. Nikamgeukia mwalimu.

"Haikuwa tupu," akasema mwalimu. "Ilikuwa na wenyewe, na walinyang'anywa."

"Kwa hivyo wao pia waliingia kwa watu, wakalala."

"Ndiyo."

"Basi walikuwa wakoloni kweli. Na pia waliasi."

"Yote mawili," mwalimu akasema. "Mimi siku ile nilieleza la kuasi tu."

Akoth alinitazama, na mimi nikamtazama kwa jicho ambalo watoto wangu wote wanalijua. Akamwendea mwalimu. "Nisamehe, mwalimu, kwa kukuita muongo."

"Na swali?"

"Swali siliondoi."

"Usiliondoe. Kaa chini."

Akakaa, akafungua begi. Mimi nikatoka bila kuaga, maana macho yangu yalikuwa yanataka kuniaibisha.

Safari ya kurudi ilikuwa njia ileile, ila nilisinzia. Nimerudi Masara na jambo moja. Siku hizi mtoto akiniambia fulani aliasi, simwambii kama ni shujaa au ni mkorofi. Namuuliza nani aliingia mlango wa nani bila kubisha, na huyo mwasi mwenyewe, usiku analala katika nyumba ya nani.

Nilipokuwa napanda mashua Sena, mkwe wangu aliita kutoka kwenye nyavu zake, mbali vilevile: "Maro, utakuja tena lini?"

"Akoth akifukuzwa tena," nikamjibu. "Mwambieni yule mjane asigawe kitanda changu."